Kuhesabu Tone

Nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, Yakutsk,
na jua bado halijaomba ruhusa ya kuchomoza.
Mama anachomoa kijiti cha kupimia
kwenye koo la lori letu,
anakiinua mbele ya kurunzi,
anahesabu.

Moja. Mbili. Tatu.
Tone limening'inia nchani.
Nne. Tano.
Limejivuta kidogo, likasita,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado hajainuka kitini.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
"Halijaamka," anasema,
na pumzi yake inaganda kwenye nyusi.

Nina miaka tisa. Nimeshika karai la makaa
litakaloingia chini ya tumbo la injini,
na blanketi la manyoya ya farasi li mgongoni mwangu
mpaka injini ilihitaji kuliko mimi.
Neno mnato silijui.
Najua nta, najua lami,
najua asali ya dukani ambayo kijiko husimama ndani yake
kama mlingoti.

Usiku ule jirani yetu Uibaan alizima lori lake.
Dizeli imepanda bei, alisema, siwezi kulilisha hadi asubuhi.
Alfajiri akabonyeza stata
mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa matusi,
likawaka!
Akacheka. Akakanyaga.
Huku chini pampu ikanyonya, ikanyonya,
mtoto kwenye titi lililoganda,
na juu shafti ikazunguka kavu,
chuma kikamlamba chuma mwenzake.
Mtaa mzima tulisikia ule mlio.
Kisha hatukusikia kitu.

Uibaan aliyalaani mafuta yake hadi chemchemi:
yamenigomea, yamenisaliti.
Mama alikuwa akimsaidia kufungua boliti,
spana mkononi, uso umefungwa skafu.
"Hayakugoma," akamwambia.
"Yalikuwa njiani."

Mwezi wa saba, barabara ya Magadan,
mafuta yaleyale ya kopo lilelile
(tulikuwa hatuna fedha ya kopo la pili).
Moshi wa misitu inayoungua, mbu, nyuzi thelathini na sita,
mlima mrefu na shehena ya saruji.
Sindano ya geji ikaanza kulala.
Mama akaegesha, akachomoa kijiti,
akafungua kinywa aseme moja:
tone lilikuwa limeshaanguka kwenye kiatu chake.
Jepesi kama chai ya mchoyo.
Akalitazama kwa muda mrefu.
"Na huyu naye," akasema, "haraka yake yote
hakumwachia chuma hata shuka."
Tukakaa kivulini mwa gurudumu
hadi injini ikapoa na mafuta yakapata tena mwili.

Leo nalipwa mshahara kwa kuhesabu.
Maabara ya Omsk, bomba la kioo jembamba kama unywele,
beseni la maji moto, saa mkononi.
Nyuzi arobaini, kisha nyuzi mia;
naandika sekunde, nachora mstari:
kwenye baridi unaporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini,
kwenye joto unatambaa.
Wenzangu husema ni mstari mzuri.
Mimi huona kiatu.

Jumapili napiga simu nyumbani.
Tangu kiharusi cha mwaka jana
maneno ya Mama hutoka kwa zamu,
na asubuhi ndiyo mbaya zaidi.
"Wewe ni..." anasema,
kisha kimya, na redio ya jirani kwa mbali.

Dada yangu alinifundisha nimsaidie,
nimtajie, nimalizie sentensi.
Nilijaribu mara moja. Akakata simu.

Kwa hiyo nashika ukingo wa meza.
Moja. Mbili.
Nje theluji inasukumwa na tingatinga.
Sita. Saba.
Namsikia akivuta pumzi, akilitafuta kwenye kina,
linajivuta, linasita.
Kumi na tatu.
Kumi na nne.

"Kunnei," anasema, jina zima, halijapungua kitu.
"Kunnei. Umeifunika injini?"

Lori tuliliuza miaka kumi na minane iliyopita.

"Nimeifunika, Mama."